Buti la kutembelea baada ya kuumia mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Kazi yangu ni tiba ya mazoezi ya viungo. Walioteguka, waliovunjika na waliopasuliwa mguu hupita kwangu wakiwa njiani kurudi kwenye shughuli zao. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa kwenye benchi la wagonjwa, kwa simu usiku, sokoni Mwanga, na mara moja ndani ya daladala ya Ujiji nikiwa nimebeba samaki. Daktari akishaandika kwamba mgonjwa atafute buti la kutembelea, nyumbani kunaanza mahangaiko: duka la kwanza hakuna, la pili lipo moja tu, shemeji aliye Dar anauliza atume saizi gani. Fedha yenyewe mara nyingi ni ya mbuzi aliyeuzwa au mkopo wa kikoba. Nimeandika ili fedha hiyo isipotee.

Buti hili ni nini hasa, na lina tofauti gani na hogo?

Ni kiatu kirefu chenye fremu ngumu ya plastiki pembeni, sponji laini ndani, mikanda ya kunata mitatu hadi mitano, na soli iliyobinuka mbele na nyuma kama mtumbwi. Hiyo soli ndiyo siri yake. Ukikanyaga, buti lote linabingirika kutoka kisigino kwenda vidoleni, na kifundo chako kinabaki kimetulia bila kujikunja.

Hogo, yaani bandeji ya plasta, linafanya kazi ileile ya kutuliza mfupa, na limetumika tangu miaka ya 1850, baada ya daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, kuanza kupaka unga wa jasi kwenye bandeji. Tofauti ni kwamba buti linavulika. Unaweza kuosha mguu, kukagua kidonda, kufanya mazoezi. Huko Uingereza walifuatilia wagonjwa 669 waliovunjika kifundo, wengine kwa hogo na wengine kwa kifaa cha kuvulika, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki 16 vifundo vyao vilifanya kazi sawasawa. Kwa hiyo kama daktari amekuweka hogo kwa sababu buti halipatikani au fedha haitoshi, usijione umepewa tiba ya kimaskini.

Kuvulika huko ndiko pia udhaifu wa buti. Mtu akijisikia nafuu wiki ya pili analiacha chini ya kitanda na kwenda Kibirizi kuangalia dagaa. Kama unajijua kuwa huna subira, mwambie daktari ukweli. Huenda hogo likakufaa zaidi.

Nitajuaje kama nimevunjika au nimeteguka tu?

Kwa macho hutajua. Kifundo kilichoteguka kinaweza kuvimba kama papai, na kilichovunjika kikavimba kidogo tu. Lakini kuna kipimo cha mikono kilichotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na bado kinatumika duniani kote. Bonyeza ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaochomoza kwenye kifundo, upande wa ndani na wa nje, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kwenda juu. Kisha bonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule ulio ndani mbele ya kifundo. Ukiruka kwa maumivu pale juu ya mfupa wenyewe, au ukishindwa kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, nenda ukapige picha ya eksirei. Ikiwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, kuvunjika ni jambo la nadra.

Usitumie kipimo hiki kwa mtoto mdogo, kwa aliyekunywa pombe, wala kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Hao wapelekwe moja kwa moja.

Na neno moja kwa ndugu zetu wa michikichi. Aliyedondoka kutoka juu ya mchikichi akatua kwa miguu, akawa analalamika kisigino, daktari aambiwe urefu alioanguka. Mshtuko wa kutua vile hupanda hadi uti wa mgongo, na wakati mwingine mgongo umepasuka bila mtu kuuliza, kwa kuwa kisigino ndicho kinachopiga kelele zaidi. Wakaguliwe mgongo na kisigino cha pili pia.

Kuna aina gani, na jeraha gani linahitaji buti lipi?

Buti refu hufika chini kidogo ya goti. Hilo ndilo la kifundo kilichovunjika bila mifupa kuhama, la aliyepasuliwa na kuwekwa vyuma, la kano ya kisigino iliyokatika, na la kifundo kilichoteguka vibaya sana. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: ili kifundo kitulie, kiatu kinatakiwa kishike mguu juu ya kifundo na chini yake. Ukishika chini tu, juu kunayumba.

Buti fupi huishia juu kidogo ya kifundo. Linafaa jeraha la mbele ya mguu, yaani ile mifupa inayoelekea vidoleni, na vidole vyenyewe. Ni jepesi, halichoshi nyonga, na wauzaji hupenda kulipendekeza kwa kila mtu kwa sababu ni rahisi zaidi. Kama jeraha lako liko kwenye kifundo na umeuziwa fupi, rudi ukaulize.

Halafu kuna kandambili ngumu, kiatu cha wazi chenye soli isiyokunjika. Kwa kidole kilichovunjika mara nyingi hiyo inatosha kabisa, na unaokoa fedha nyingi.

Mfupa wa upande wa kidole kidogo unahitaji umakini wa pekee. Mwaka 1902 daktari wa mifupa wa Uingereza, Robert Jones, aliandika kuhusu mfupa huo baada ya kuuvunja mguuni mwake mwenyewe akicheza dansi. Ukimeguka kwenye ncha ya nyuma kabisa, hupona vizuri hata kwa kiatu kigumu. Ukivunjika mbele kidogo ya hapo, pale ambapo damu hufika kwa shida, unapona polepole na wakati mwingine hauungi. Kwenye picha tofauti ni ya sentimita moja au mbili, lakini matunzo ni mbalimbali. Kwa hiyo usinunue buti kwa kuambiwa kwamba jirani naye alivunjika pale pale. Muulize daktari akuonyeshe kwa kidole kwenye picha.

Nilikuwa nacheza mpira nikasikia kama mtu amenipiga teke nyuma ya kisigino. Nilipogeuka hakukuwa na mtu.

Maneno haya nimeyasikia kwa wachezaji, karibu vilevile, mara nyingi. Ni kano kubwa ya kisigino imekatika. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Mguu mzima unyayo wake utajisukuma wenyewe. Uliokatika utabaki kimya. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kano ikikaa wiki kadhaa ncha zake hujivuta na kuachana.

Buti la jeraha hili lazima liwe refu na liwe na kabari za kisigino, vile vipande vinavyowekwa ndani kuinua kisigino ili vidole vielekee chini na ncha za kano zikutane. Daktari huziondoa moja moja, kwa ratiba yake. Ukinunua buti tupu bila kabari umenunua nusu ya kifaa. Na usiziondoe mwenyewe kwa sababu zinakuumiza. Kano ikiungana ikiwa imelegea, mguu hauna nguvu ya kusukuma, na mpira unakuwa wa kuangalia.

Nimeteguka tu. Ninunue?

Mara nyingi hapana. Kifundo kilichoteguka kidogo kinapona vizuri kwa bandeji ya kuvutika au kifunga kifundo, na kwa kuanza kukitembeza mapema. Hata kwa walioteguka vibaya, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 wenye wagonjwa 584 uliona kwamba hogo la siku 10 au kifunga kifundo kigumu vilisaidia zaidi ya bandeji ya kawaida, lakini buti halikuleta faida ya maana kuizidi. Kama hujavunjika na unaweza kukanyaga, hiyo fedha nunua bandeji nzuri, na chenji mpelekee mama chakula.

Nichague saizi gani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mama mmoja wa Ujiji aliletewa buti na mwanawe kutoka mjini, jipya kabisa, zuri, lenye herufi L. Mwanawe alidhani kubwa ni salama zaidi. Mguu wa mama ulikuwa na sentimita 23. Nilipomwambia atembee mbele yangu niliona kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti kila hatua, na alipolivua soksi ilikuwa imeganda kwenye lengelenge. Kifundo kilichokuwa kimefungwa ili kitulie kilikuwa kinachezacheza wiki tatu nzima. Tulimtafutia lingine.

Fanya hivi. Tandika karatasi sakafuni, ikigusa ukuta. Mgonjwa aweke kisigino ukutani, akiwa amevaa soksi atakayoitumia. Piga alama mbele ya kidole kirefu zaidi, kisha pima kwa rula kutoka ukutani. Kama mguu ulioumia haukanyagiki, pima mzima. Pima jioni, kwa kuwa asubuhi mguu umepumzika na ni mwembamba. Chukua pia utepe wa fundi cherehani upime mzunguko wa shavu la mguu ulioumia mahali palipo panene. Andika namba zote mbili na umtumie ndugu yako. Usimtumie herufi wala saizi ya viatu peke yake, kwa sababu M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Mguu wa sentimita 26 hadi 27 kwa kawaida huvaa kiatu namba 42 hivi, lakini jedwali la sentimita lililoandikwa kwenye boksi ndilo la kuaminiwa.

Ukilijaribu: kisigino kiguse nyuma kabisa, vidole visivuke ukingo wa soli, na juu liishie upana wa vidole vitatu au vinne chini ya mkunjo wa goti ili uweze kuketi. Habari ya kushoto na kulia isikusumbue, mengi yanavalika miguu yote miwili.

Lenye pampu ya hewa ni bora kuliko la kawaida?

Lina mifuko ya hewa ndani ambayo ukiijaza inakumbatia mguu. Faida yake ni kwamba uvimbe ukipungua unaongeza hewa kidogo, ukiongezeka unapunguza. Kwa mguu unaobadilika sana wiki za mwanzo, ninalipenda. Lakini mfuko ukitoboka, fundi wa pancha hawezi kuuziba, na buti la kawaida lenye sponji nene linalokutosha ni bora mara mia kuliko la pampu lililo kubwa. Kama fedha ni ya moja tu, lipia saizi sahihi.

Jaza mpaka uhisi mguu umeshikwa, kama mkono wa mtu anayekusalimu vizuri. Ukihisi mapigo ya moyo mguuni, umezidisha.

La mtumba lifaa?

Linafaa, ukilikagua. Geuza soli: kama imelika upande mmoja, utatembea umeinama na kifundo kitaumia upya. Kunja fremu kwa mikono miwili usikilize kama kuna mlio wa ufa. Funga na fungua kila mkanda mara kumi. Unaoachia wenyewe hautashika mtu mzima akishuka mteremko wa kwenda stesheni. Kama lina hewa, jaza, lisubiri robo saa. Sponji ya ndani itoke yote, ifuliwe kwa sabuni na ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Usiikaushe juu ya jiko la mkaa.

Nalivaaje, na libane kiasi gani?

Vaa soksi ndefu ya pamba inayofika chini ya goti, kama za sare ya shule, isiyo na mshono mnene vidoleni. Keti, ingiza mguu, gonga kisigino chini taratibu kikae nyuma. Funga mikanda kuanzia vidoleni ukipanda juu.

Kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Ikichelewa, legeza. Rudia baada ya nusu saa, kwa sababu mguu huvimba ukiwa umening'inia. Ukiwa umeketi, uinue juu ya mto kuliko kiuno. Wagonjwa wengi hulaumu buti kwamba linabana wakati ni mguu uliokaa chini siku nzima.

Naweza kulikanyagia mara moja?

Uliza swali hili kabla hujatoka chumba cha daktari, tena kwa maneno haya: nikanyage kabisa, nikanyage kidogo, au nisikanyage? Jina la buti la kutembelea limewadanganya wengi. Kuna wanaolivaa wiki kadhaa bila ruhusa ya kugusisha uzito.

Kama una magongo, juu yake pawe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Kwapa likibeba, mkono unakufa ganzi. Ngazi kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, magongo na buti hutangulia. Ukishaambiwa utumie gongo moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima. Najua linaonekana kinyume, lakini jaribu hatua tano utaona.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: soli ya buti ni nene, inauinua mguu huo sentimita kadhaa. Ukivaa kandambili nyembamba upande wa pili utatembea kama mtu aliye kwenye mtaro, na baada ya wiki moja nyonga na kiuno vitauma. Tafuta raba yenye soli nene, au fundi viatu aongeze tabaka la mpira wa tairi chini ya kiatu chako cha kawaida mpaka nyonga zikae sawa. Ni kazi ndogo kwake.

Nyumbani choo ni cha kuchuchumaa. Nifanyeje?

Nashukuru kila anayeuliza hili, kwa sababu wengi huona aibu, na huko ndiko wanakoanguka. Buti limekifunga kifundo kwenye pembe ya mraba. Kuchuchumaa kunahitaji kifundo kikunjike zaidi ya hapo, kwa hiyo haiwezekani. Wapo wanaolivua buti mlangoni ili wachuchumae, wakasimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu yenye maji. Nimepokea waliovunjika mara ya pili hivyo.

Chukua kiti cha plastiki imara, si kile kilichopauka kwa jua. Fundi akate tundu la mviringo katikati ya kalio, asugue kingo kwa msasa, kisha kiti kiwekwe juu ya shimo. Kama sakafu ni ya saruji laini, kata vipande vinne vya mpira wa tairi la baiskeli, valisha miguu ya kiti. Piga msumari mrefu au funga kamba ukutani upande wa mkono wako wenye nguvu ili uwe na pa kushika ukiinuka. Usiku wekewa ndoo na kiti chumbani. Mzee anayeona haya kubebewa ndoo na wakwe, mjukuu wa kiume akabidhiwe kazi hiyo kimyakimya.

Kuoga ni ukiwa umeketi kwenye kigoda. Kama daktari amekuruhusu kulivua, oga, kausha hadi katikati ya vidole, livae kabla hujasimama. Wanaosali huuliza kuhusu kusujudu na kutia udhu. Wengi wa wagonjwa wangu husali wakiwa wameketi kitini, na habari ya udhu huwa wanapata maelekezo kwa imamu wao.

Nilale nalo?

Wiki za mwanzo baada ya kuvunjika, kupasuliwa, au kano kukatika, mara nyingi ndiyo, mpaka daktari aseme. Legeza mikanda kidogo, punguza hewa. Kwa jeraha dogo lililotulia, mara nyingi si lazima.

Mvua na tope vikianza je?

Kigoma mvua zikianza hazina utani, na udongo mwekundu wa Kasulu na Buhigwe hung'ang'ania soli mpaka buti linakuwa na uzito wa jembe. Sponji ikilowa haikauki kwa siku moja, na ngozi iliyo ndani hulainika na kuchubuka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia kiroba cha salfeti au kipande cha turubai. Kifunge kuanzia juu, na ukate chini ili soli iguse ardhi yenyewe, kwani kiroba kikiwa chini ya soli utateleza. Ukiweza pata sponji ya pili, moja ikiwa mguuni nyingine iwe kambani.

Kwa boti, ningekuomba uahirishe safari. Kama huna budi, kwa mfano unatoka kijiji cha pwani kufuata matibabu, vaa jaketi la kujiokolea na ukubali kubebwa kupanda na kushuka. Usiingie majini na buti ili kupanda chombo.

Na bodaboda, gari, treni?

Usiendeshe gari. Mguu wa kulia ndio wenye breki, na buti halihisi pedali. Bodaboda siipendi kwa mtu mwenye buti, bajaji ni bora. Ukilazimika, angalia bomba la moshi liko upande gani. Kwa pikipiki nyingi ni kulia, na plastiki ya buti huyeyuka hapo bila mwenyewe kuhisi joto.

Safari ya treni kwenda Tabora au Dar ni ndefu. Mguu uliofungwa na kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu kwenye mishipa. Chezesha vidole kila mara, inuka kila inapowezekana, kunywa maji, na kabla ya safari mwulize daktari kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

Nina kisukari. Kuna tofauti?

Kubwa. Mguu uliokufa ganzi haukuambii kwamba kuna mchanga ndani ya soksi. Pitisha mkono ndani ya buti kila kabla ya kuvaa. Jioni angalia unyayo kwa kioo, au mtoto akuangalie. Na kama una kidonda chini ya unyayo, upande wa mbele, kinachopendekezwa na wataalamu wa miguu ya kisukari ni kifaa kirefu kisichovulika, maana kidonda hupona kikipumzishwa hata zile hatua chache za usiku. Mguu mwekundu, wa moto na uliovimba bila maumivu usiupuuze hata siku moja. Mfupa unaweza kuwa unasagika ndani.

Bibi anataka nichuliwe kwanza.

Bibi ana nia njema, na mikono yake imetuliza maumivu ya wengi. Mwambie kwa heshima asubiri picha. Mfupa uliovunjika bila kuhama unaweza kuhamishwa na mkono wa mchuaji, na jeraha lililohitaji buti likageuka la kupasuliwa. Eksirei ipo Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa wa Kasulu na Buhigwe kuna hospitali za Kabanga na Heri. Picha ikionyesha mfupa ni mzima, bibi atapata zamu yake, taratibu, uvimbe ukishashuka.

Ni lini nikimbie hospitali?

Vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vimekufa ganzi na kulegeza mikanda hakusaidii. Maumivu yakizidi kila saa licha ya dawa. Kidonda kikitoa harufu au usaha. Shavu la mguu likivimba na kuuma ukiliminya, huenda ni damu imeganda. Ikifuatiwa na kubanwa kifua au kukosa pumzi, usisubiri asubuhi.

Lini naliacha?

Mifupa mingi ya kifundo huhitaji wiki sita hivi, mingine zaidi. Wavutaji sigara hupona polepole, hilo nawaambia wazi. Ukiruhusiwa, usilivue siku moja ukaenda sokoni. Anza saa moja nyumbani na raba ngumu, kesho yake mbili. Kifundo kitakuwa kikavu kama bawaba ya kutu. Keti, andika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu. Pitisha kanga chini ya unyayo, vuta ncha zake kuelekea kwako, hesabu hadi thelathini. Wiki zinazofuata simama kwa mguu mmoja ukishika meza. Kuvimba jioni kwa miezi michache ni kawaida. Kula dagaa wazimawazima na mifupa yao, madini ya mfupa yamo humo.

Nikimaliza, naweza kumpa jirani?

Mpe, baada ya yeye kupima mguu na kumwonyesha daktari wake. Fua sponji, futa fremu kwa maji ya sabuni, kagua mikanda. Kabari za kisigino zifunge kwenye kitambaa kando, asije akadhani ni lazima azitumie. Kisha bandika kipande cha plasta ndani ya fremu na uandike urefu wa mguu kwa sentimita kwa wino usiofutika. Lile dogo tulilompatia mama wa Ujiji limeshavaliwa na watu watatu, na namba 23 bado inasomeka.